Msibomoe vyumba vya Mji Mkongwe kwa ajili ya mgahawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu makala mliyoichapisha hivi karibuni juu ya nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zinazogeuzwa kuwa migahawa. Mwandishi aliieleza kazi hiyo kwa mapenzi, na picha za paa wakati wa magharibi zilinivutia hata mimi, niliyeliona jua hilo likizama kwa miaka 27 nikiwa na sinia mkononi. Hata hivyo, alipofika kwenye mpangilio wa ndani aliwashauri wenye nyumba wabomoe kuta za vyumba vidogo ili wapate ukumbi mmoja mpana wa kisasa. Ushauri huo utawatia watu hasara, na naomba nieleze kwa nini.

Nilianza kazi nikiwa mwosha vyombo, nikawa mhudumu, na nikamalizia nikiwa msimamizi wa ukumbi, ingawa neno ukumbi lilikuwa la heshima tu, kwa kuwa mgahawa wetu ulikuwa na vyumba 6 katika ghorofa 3 na hakuna hata kimoja kilichozidi upana wa mita 3. Tangu nistaafu, wenye nyumba huniita niwatazamie majengo yao kabla hawajanunua meza, kazi ninayoifanya kwa kikombe cha chai na pengine chakula cha mchana. Mimi si mhandisi wala msanifu majengo. Ninachokijua ni safari ya sahani kutoka jikoni hadi kwa mgeni na kurudi, na safari hiyo hufundisha mambo mengi kuhusu nyumba.

Kwanza ieleweke kwamba fundi wa zamani hakujenga chumba chembamba kwa kukosa kiwanja. Sakafu na dari za nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba mzigo haumpi fundi zaidi ya mita 2.5 hadi 3 hivi kutoka ukuta hadi ukuta. Chumba kiliweza kurefuka kadiri mwenyewe alivyotaka, lakini upana wake ulikatwa na mti. Kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye unene wa nusu mita na zaidi, na ule ukuta unaopokea vichwa vya boriti ndio unaoibeba sakafu ya juu pamoja na watu na samani zake. Ukuta wa namna hii huvumilia sana kubanwa kutoka juu, lakini ukiutoboa uwazi mpana bila linta imara na nguzo za kuipokea, mawe yaliyobaki juu ya uwazi hayana kinachoyashika zaidi ya chokaa, na chokaa haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Hilo nimelishuhudia katika nyumba moja ambayo sitaitaja, wala mwenyewe sitamtaja. Aliuvunja ukuta kati ya vyumba viwili vya ghorofa ya kwanza ili apate nafasi ya meza ndefu ya wageni 20, na msimu wa kwanza ulipita salama, meza ikajaa karibu kila usiku. Mvua za masika zilipoanza, tukawa tunakuta chembe za chokaa juu ya vitambaa vya meza kila asubuhi, tukadhani ni panya darini. Kisha mlango wa chumba cha juu ukagoma kufunga. Seremala aliupiga randa mara mbili, na alipoitwa mara ya tatu aliiweka randa chini, akachuchumaa, akatupa gololi ya mtoto sakafuni. Ikabiringika yenyewe hadi katikati ya chumba, ikasimama. Mlango haukuwa na kosa, sakafu ndiyo iliyokuwa imelala. Vyumba vitatu vilifungwa kwa miezi 5, boriti zikategemezwa kwa magogo, na ile meza ndefu ikauzwa kwa nusu ya bei yake.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mtu hawezi kubadilisha jengo lililomo humo bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Wapo wanaokiona kibali hicho kuwa usumbufu. Mimi naona ni nafuu mtu kukatazwa na karatasi kuliko kukatazwa na dari.

Wenye nyumba hunijibu kwamba chumba chembamba hakiingizi watu, na hapo huwa naomba futi kamba. Tuchukue chumba cha upana wa mita 2.8 na urefu wa mita 7, ambacho ni chumba cha kawaida kabisa. Meza ya watu 4 yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 75, ukiigusisha ukutani kwa ncha yake fupi, itatoka ukutani kwa sentimita 120 na kukuachia sentimita 160, na wageni watakaa ubavuni mwa meza, wakivuta viti vyao kwa kufuata urefu wa chumba bila kuingia njiani. Upande wa pili unaweza kuweka vimeza vya watu 2 vya sentimita 70, na bado kati yake pakabaki sentimita 90, ambayo ndiyo nafasi ya mhudumu mwenye sinia kupita bila kuomba radhi kwa kila bega. Ukiacha nafasi ya mlango, chumba hicho kinapokea watu 18 bila kubanana. Nimewahi kuona ukumbi uliobomolewa vyumba viwili ukiingiza watu 34, yaani pungufu ya wale ambao vyumba hivyo viwili vingewapokea vikiwa na ukuta wao, kwa sababu katikati ya ukumbi mpana watu hawapendi kukaa, na meza za katikati huhitaji njia pande zote nne.

Njia nyingine, na mimi naipenda zaidi, ni kulirudisha baraza ndani. Kila mtu wa pwani amekulia barazani, na baraza la kujengwa kando ya ukuta mrefu, lenye kina cha sentimita 50 na kimo cha 45 pamoja na godoro lake jembamba, huokoa nafasi kuliko samani yoyote ya dukani. Kiti huvutwa nyuma mgeni anapoinuka, na kila kinapovutwa kinaila njia, baraza halivutwi. Mbele yake unapanga vimeza vya mraba vya sentimita 70, kimo chake sentimita 75, na upande wa pili kiti kimoja kwa kila kimeza. Wakija watu wawili wanakaa wawili, na ikija familia ya watu 10 unaviunganisha vimeza vitano, watoto wakapandishwa barazani ambako hawaanguki wala hawakimbii ovyo. Ninachosisitiza ni kwamba godoro liwe na foronya ya kuvuliwa na kufuliwa, kwa sababu mchuzi wa nazi ukiingia kwenye sponji unatoa harufu siku ya tatu na hakuna udi utakaouficha.

Sasa nije kwenye safari ya sahani. Mgahawa wa vyumba vingi hauvunjwi na ufinyu wa vyumba vyake, huvunjwa na ngazi na milango. Ngazi za nyumba zetu ni za wima na nyembamba, na jiko likiwa chini na wageni wakipenda kukaa juu, mhudumu mmoja anapandisha supu huku mwenzake anateremsha mifupa, wanakutana kwenye kona, mmoja lazima arudi. Wenye nyumba huja na mchoro unaoonyesha rangi za mito, na mimi huwauliza sahani chafu zitapita wapi. Karibu wote hunyamaza. Kama nyumba ina ngazi mbili, moja iwe ya kupanda na nyingine ya kushuka, na kila mfanyakazi alijue hilo tangu siku ya kwanza. Kama ina moja tu, afadhali kujenga lifti ndogo ya kuvutwa kwa kamba kwa ajili ya vyombo, kwenye ua wa ndani au nyuma ya jiko, kabla ya kufikiria taa za mapambo. Na kila ghorofa iwe na kabati lake la kuhudumia, lenye vijiko, bilauri, maji ya kunywa, chumvi na vitambaa, ili mgeni akiangusha uma mtu asishuke ngazi 40 kuufuata mwingine.

Kuna kasoro moja ya vyumba ambayo siwezi kuikana: chumba kisichoonekana husahaulika. Mgeni aliyejifungia chumba cha ndani anaweza kukaa robo saa akiwa na kiu huku wahudumu wote wamekusanyika uani kwenye meza yenye vigelegele. Tulijaribu kengele ya mezani, watoto wakaifanya mchezo. Kilichotufaa ni kumkabidhi kila mhudumu vyumba vyake, viwili au vitatu vinavyofuatana, asivuke kwenda vya mwenzake, na kuning'iniza mapazia yanayoishia sentimita 30 juu ya sakafu, kiasi kwamba mtu akipita nje huona miguu na kujua wageni bado wapo, bila kuwaona nyuso. Hili la pazia nilifundishwa na bibi mmoja mtu mzima aliyekuja na mabinti na wajukuu zake. Niliposimama mlangoni nikiwauliza kila baada ya dakika tano kama wanahitaji kitu, aliniambia kwa upole, "Mwanangu, teremsha hilo pazia tule. Tukikutaka tutakuita."

Alikuwa na haki. Wanawake wengi wa kwetu hupenda kula wakiwa wamevua nikabu na kulegeza mitandio yao, na ukumbi wa wazi unawafukuza kimya kimya, kwa kuwa hawatalalamika; hawatarudi tu. Ndugu zetu wa Oman wanalijua hili kwa muda mrefu: migahawa yao mingi ya vyakula vya asili ina vyumba vya familia, vya kufungwa kwa mlango au pazia, ambamo watu huvua viatu na kukaa chini kulizunguka sinia moja la wali na nyama. Nyumba ya Mji Mkongwe ina vyumba hivyo tayari, imevijenga kwa kusudi hilo hilo la stara, halafu tunaambiwa tuvivunje ili tufanane na kwingine.

Ndiyo maana nasema kila chumba kipewe kazi inayokifaa, badala ya vyote kufanywa nakala ya kimoja. Chumba cha mbele kinachotazama barabara, penye kelele za pikipiki na wapita njia, kiwe cha kahawa, haluwa na kusubiri meza. Ua wa ndani, penye hewa na mwanga wa juu, uwe wa chakula cha mchana. Chumba kirefu cha ghorofani kiwe cha karamu. Cha ndani kabisa, chenye giza kidogo na utulivu, ndicho kitandikwe busati na mikeka kwa wanaotaka kukaa chini, na hapo usisahau mambo mawili: rafu ya viatu nje ya mlango, maana viatu 12 kwenye kizingiti ni mtego kwa mwenye sinia, na sehemu ya kunawia mikono karibu, ili birika na bakuli visizungushwe kwa watu 30 kwa wakati mmoja. Chumba kidogo kisichofaa meza kiwe cha sala, kikielekezwa kibla na kiwe karibu na mfereji wa kutilia udhu. Mwezi wa Ramadhani, watu wote wanapofuturu kwa dakika ile ile, utakishukuru chumba hicho, na utavishukuru vyumba vyote, kwa sababu tende na uji unaweza kuvitandika katika vyumba 6 mapema na kuviacha vimefunikwa kwa makawa, jambo ambalo katika ukumbi mmoja uliojaa watu wanaoingia na kutoka haliwezekani.

Kuhusu sauti, mwandishi wa makala hakusema neno, na hapo ndipo wageni hulalamika kuliko kwenye chakula. Weka watu 60 katika ukumbi wa kuta za mawe na sakafu ngumu, kila meza itapandisha sauti ili kuishinda ya jirani, na ifikapo saa 3 usiku wahudumu wanasoma oda midomoni. Watu hao hao, wakigawanywa katika vyumba vitano, wanaongea kama walioko nyumbani. Ndani ya chumba chenyewe, mkeka ukutani, mito, mapazia mazito na boriti zilizoachwa wazi husaidia sana. Wapo wanaozifunika boriti kwa dari ya jipsamu ili paonekane safi. Naomba waache. Dari hiyo hulainisha macho lakini huficha uvujaji na mchwa, na kichwa cha boriti kinachooza ndani ya ukuta huonekana mapema tu kama boriti yenyewe inaonekana.

Kosa linalofanana na hilo ni kupiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta juu ya kuta za chokaa. Ukuta wa zamani unafyonza unyevu na kuutoa. Saruji huuziba, unyevu na chumvi hutafuta pa kutokea, na baada ya muda plasta inavimba na kubanduka vipande vipande. Nimeshapangusa unga mweupe kwenye bega la koti la bwana harusi aliyeegemea ukuta wa aina hiyo, naye akacheka, wengine hawacheki. Chokaa ni kazi ndefu zaidi na mafundi wake wamepungua, lakini ukuta uliopakwa chokaa vizuri huung'arisha mwanga wa taa ndogo mno, kiasi kwamba taa mbili za mwanga wa manjano ndani ya vidaka zinatosha kuonyesha rangi ya pilau bila kumchoma mtu machoni. Rangi za vitambaa na mito kila mtu atachagua apendavyo, sina ugomvi nazo, isipokuwa kitambaa cheupe barazani.

Paa ndilo linalouza, hilo nalikubali. Lakini tangi la maji la lita 2,000 likijaa lina uzito wa tani 2, na mtu akiliweka katikati ya paa, kisha akaongeza jiko la kuchomea nyama, kaunta ya sharubati na wageni 40, ameziongezea boriti mzigo ambao aliyezipanga hakuufikiria. Tangi likae juu ya ukuta unaobeba au, kwa salama zaidi, chini kwenye ua, maji yapandishwe kwa pampu kidogo kidogo. Mitungi ya gesi nayo isifungiwe katika stoo isiyo na upenyo wa hewa, kwani gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia sakafuni ikingoja cheche. Haya yaangaliwe na mhandisi aliyezoea majengo ya chokaa, si fundi wa matofali ya saruji, hata kama ni shemeji.

Ndugu Mhariri, nimeandika haraka kuliko nilivyokusudia kwa sababu maalumu. Jumamosi iliyopita nilipita kwenye kichochoro karibu na kwangu nikaona mlango wa nyumba moja ya vyumba vingi uko wazi, na ukutani, kati ya chumba cha kwanza na cha pili, mtu amechora kwa mkaa mstatili mkubwa wa kubomolewa. Juu ya mchoro huo nilihesabu vichwa vya boriti 9. Fundi aliniambia mwenye nyumba yuko safarini na kazi itaanza akirudi. Kama gazeti lako linamfikia huko aliko, namwomba anitafute kabla nyundo haijainuliwa. Nitakuja na futi kamba yangu, na chai nitajinunulia mwenyewe. Mifuko ya saruji niliyoiona pale mlangoni bado ilikuwa haijafunguliwa.

Msimamizi mstaafu wa mgahawa,
Mji Mkongwe, Unguja